Sumu Isiyoonekana: Mawaidha kwa Wauzao na Wanunuao Chakula

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili wa binadamu ukawa haukai illa kwa chakula, khalafu akakitoa chakula hicho katika ardhi kwa mvua na jua bila ya kuombwa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyetufundisha kuswali na kufunga, akatufundisha pia namna ya kuuza na kununua, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, watu wengi wakisikia neno la halali na haramu katika chakula, fikira zao huenda kwenye nyama ya nguruwe na mnyama asiyechinjwa kwa sharia. Hili ni jema, wala hapana Muislamu alipuuzaye. Lakini Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 168, hakuwaamuru watu kula kilicho halali peke yake. Ameamuru kiwe halali na kiwe kizuri. Basi mahindi ni halali, na njugu ni halali, na samaki ni halali. Je, yakiwamo ndani yake mambo ya kuua, yangali mazuri? Hili ndilo jambo ninalotaka kuwakumbusha katika kurasa hizi chache, kwani twalitenda kila siku na hatulihisabu kuwa katika dini.

MKONO WA MTUME S.A.W. NDANI YA LUNDO

Imepokewa na Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume s.a.w. alipita penye lundo la nafaka la muuzaji. Juu nafaka ilikuwa kavu, yapendeza machoni. Mtume s.a.w. hakutosheka na macho. Alitia mkono wake ndani ya lundo, na vidole vyake vikagusa umajimaji. Akamuuliza mwenye mali maana yake, naye akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume s.a.w. akamtaka sababu ya kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, khalafu akatamka wazi kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Tafakari, ewe ndugu yangu, katika kisa hiki. Kwanza, aliyekagua ni Mtume mwenyewe, na wala hakuona kuwa kazi hii ni duni kwa cheo chake. Pili, hakumsadiki muuzaji kwa sura ya mali yake, bali alipima ndani. Tatu, yule mtu hakuiloweza nafaka yake kwa makusudi; mvua ni amri ya Mungu. Kosa lake lilikuwa ni kuficha. Na nne, aibu iliyokuwa imefichwa ni umajimaji, nao ndio asili ya balaa ninalokuja kulieleza.

KHABARI YA SUMUKUVU

Nafaka ikilowa, au ikiwekwa ghalani kabla ya kukauka vyema, huota kuvu. Katika aina za kuvu iko moja itoayo sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, nasi kwa lugha yetu twaiita sumukuvu. Haina rangi ya kuonekana kwa macho, haina harufu wala ladha. Kuvu yenyewe yaweza kufutwa, ama sumu ikabaki ndani ya punje. Na tusidanganyike kwa kusema kwamba moto huisafisha, kwani moto wa jikoni, ukipika ugali au uji au mkate, hauiondoi.

Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, walipokufa bata mzinga zaidi ya 100,000 nchini Uingereza, na sababu ilipotafutwa ikaonekana ni chakula chao kilichotengenezwa kwa njugu zilizoota kuvu. Lakini huku kwetu haikukoma kwa ndege. Mwaka 1981 watu 12 walikufa katika wilaya ya Machakos. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 na wakafa 125. Macho yao yaligeuka manjano, maini yao yakaharibika, na asili yake ni mahindi waliyoyavuna kwa mikono yao au waliyoyanunua dukani. Na mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 wakafa 20.

Msidhani kuwa ni mambo ya mbali. Mahindi ya bara ndiyo yajazayo maghala ya pwani, na joto letu na unyevunyevu wa bahari ni rafiki wa kuvu.

Tena hao waliokufa ni wale waliokula nyingi kwa muda mfupi. Wako wengine wasiohisabiwa, walao kidogo kidogo miaka mingi, wala haonekani mtu kuanguka. Hao sumu huwajengea saratani ya ini, na khasa mwenye kuwa na ugonjwa wa homa ya ini aina ya B, khatari yake huzidi mara nyingi. Akifa, watu husema: ajali yake imefika. Naam, ajali imefika. Lakini je, sisi tuliomuuzia sababu yake hatuna la kuulizwa?

NAMNA YA KUPIMA

Kwa kuwa macho na ulimi haviwezi kuwa mashahidi, haina budi kupima. Yafaa kila mfanyabiashara aifahamu kazi hii, kwani wengi huidhania kuwa ni hila ya wakaguzi ya kuwatoza fedha.

Jambo la kwanza ni kujua kiasi cha sumu kilichomo katika chakula. Sumukuvu haikuenea sawasawa katika shehena. Magunia 50 yaweza kuwa salama, na gunia moja likabeba balaa lote. Na katika gunia hilo, pengine ni punje chache tu. Kwa hivyo haifai kutwaa konzi moja ya juu. Mpimaji huchoma bambo katika magunia mengi, juu na kati na chini, akazichanganya punje zote alizozitoa, zikasagwa, ndipo zikapimwa. Hebu tazama: bambo lile halifanyi illa lile ulilolifanya mkono wa Mtume s.a.w.

Mpaka uliowekwa na nchi za Afrika ya Mashariki kwa mahindi ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote pamoja katika kilo moja, na ile aina kali yake, iitwayo B1, isizidi 5. Maikrogramu ni sehemu moja katika sehemu milioni za gramu. Basi mpaka huo ni kama punje 10 mbaya katika punje 1,000,000,000. Katika mwaka ule wa 2004, watafiti walitwaa sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masokoni mwa wilaya zilizopatwa. Katika kila mia, 55 zilizidi maikrogramu 20, na 35 zilizidi 100, na 7 zilizidi 1,000. Mahindi hayo yalikuwa yakiuzwa kwa pishi na debe, na wauzaji walikuwa wakipunga mikono na kuwaita watu.

Jambo la pili ni kujua watu wala kiasi gani. Sumu chache katika kitu kinacholiwa mara moja kwa mwezi si sawa na sumu hiyo hiyo katika ugali wa kila siku. Jambo la tatu ni kujua mlaji ni nani. Tuseme unga una maikrogramu 20 katika kilo. Baba mwenye uzani wa kilo 60 ala gramu 400 kwa siku. Zimemuingia maikrogramu 8. Mtoto wake mwenye kilo 15 ala gramu 200; zimemuingia 4. Asiyefikiri atasema mtoto amepata nusu ya babake. Lakini zigawe kwa uzani wa kila mwili: baba amepata kama 0.13 kwa kila kilo ya mwili wake, na mtoto amepata kama 0.27. Basi mtoto amebeba mzigo wa mara mbili ya babake, katika sinia moja, kwa unga mmoja.

Kwa sababu hii wataalamu hawatosheki na kupima magunia peke yake. Katika nchi nyingine hununua vyakula madukani, kama anunuavyo mtu wa kawaida, wakavipika kama vipikwavyo majumbani, khalafu wakapima kile kilicho tayari kuliwa. Marekani waliianza kazi hii mwaka 1961. Makusudio yao ni kujua nini khasa kimuingiacho mja tumboni, si kile kilichoandikwa juu ya gunia.

KISA CHA NGANO YA IRAKI

Labda atatokea mtu aseme: nitakijaribu kidogo, nikiona salama, nitakula na kuuza. Huyu na asikie yaliyowapata ndugu zetu Waislamu wa Iraki.

Katika mwaka 1971, baada ya mavuno mabaya, nchi hiyo ilileta mbegu za ngano na shayiri kutoka ng'ambo. Zilikuwa zimepakwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na kuvu, na zikatiwa rangi nyekundu iwe ni alama kwamba ni za kupandwa wala si za kuliwa. Magunia yaliandikwa maonyo kwa lugha za kigeni ambazo wakulima hawakuzijua. Nyingi zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, na watu walikuwa na njaa. Wakaziosha, na rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka pamoja nayo. Wengine waliwapa kuku siku chache, na kuku hawakufa. Wakasema ni salama. Wakasaga, wakaoka mikate, wakala na watoto wao. Sumu ya zebaki haifanyi haraka. Ilikaa kimya wiki kadhaa, kisha miguu ikalegea, na macho yakafunga, na ndimi zikawa nzito. Watu 6,530 waliingizwa hospitali, na humo humo wakafa 459, na wako watoto waliozaliwa na madhara kwa sababu ya mkate walioula mama zao.

Na katika kisa hiki mna ajabu kubwa. Wataalamu walipotaka kujua kila mtu ameingiwa na kiasi gani, walitwaa unywele wake. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na zebaki iliyomo mwilini hujiandika ndani yake. Wakaukata unywele vipande vipande, wakapima, wakasoma mwezi aliouanza kula mkate ule, na mwezi uliokuwa mzito, na mwezi aliouacha. Ndugu zangu, katika Surat Yasin, aya ya 65, Mwenyezi Mungu ametupa khabari ya siku ambayo vinywa vitafungwa, na mikono itasema, na miguu itashuhudia. Ikiwa unywele hapa duniani umetoa ushahidi wa tonge la mkate, itakuwaje siku hiyo?

KUWAJIBU WENYE UDHURU

Wako wasemao: wazee wetu walikula hivi hivi na wakaishi. Jawabu ni kuwa wazee waliokufa kwa ini hukuwahisabu, kwa kuwa hapana aliyejua sababu ya kufa kwao. Tena wazee wetu walikuwa wakianika, na kuchagua punje mbovu, na kuweka chakula darini juu ya moshi. Sisi tumeacha tadbiri zao, tukashika jina lao.

Wako wasemao: mimi nasema Bismillahi, na mambo yote yako kwa Mungu. Bismillahi ni baraka, wala sikatazi mtu kuitegemea. Lakini Mtume s.a.w. alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mungu. Na hao Watu wa Pangoni, ambao imani yao imesifiwa katika Surat al-Kahf, walipoamka na njaa, huku wakiwaogopa adui zao, walimpa mwenzao fedha na kumuagiza aangalie ni chakula kipi kilicho safi kabisa. Njaa na khofu havikuwasahaulisha. Sisi tulioshiba na tulio salama tuna udhuru gani?

Na wako wafanyabiashara wasemao: nikiitupa shehena yangu nitapata khasara. Huyu ndiye nimtakaye zaidi, kwani maneno yake ni ya kweli. Magunia 100 si mchezo, na pengine mtaji wake ni wa deni, na nyumbani wana wamngoja. Sitamwambia kuwa haitamuuma. Mwezi wa Machi mwaka 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kuwa kipimo kilionyesha sumu imezidi, na baada ya siku chache ikayafungulia kwa sharti la kusajiliwa waletao na kuwa na cheti cha kipimo. Wengi waliumia katika siku hizo. Lakini nitamuuliza: mtu angekujia na kukuambia, nipe roho ya mtoto wa jirani nami nikulipe bei ya magunia 100, ungekubali? Utasema: najikinga kwa Mungu! Basi tofauti yake na hili ni nini, illa kwamba mtoto huyu humjui jina, na kufa kwake kutachukua miaka?

Atasema: basi nitaueleza ubovu wake, nimuuzie aridhiaye kwa bei ndogo, kwani sharia yanitaka nisifiche tu. La, ndugu yangu. Kueleza aibu kwafaa katika kitu ambacho aibu yake yapunguza thamani, kama nguo iliyotoboka au nafaka iliyovunjika. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameweka katika masharti ya kitu kiuzwacho kuwa kiwe na manufaa. Na manufaa ya chakula ni kuliwa. Kikiwa kuliwa kwake ni maangamizi, umeuza nini? Na aridhiaye bei ndogo ni nani, illa maskini asiye na njia?

YAPASAYO KUTENDWA

Wewe mwenye duka au ghala: usinunue nafaka mbichi kwa tamaa ya urahisi wake. Tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise, ukaiache kidogo. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, nafaka haijakauka. Anika juu ya jamvi au turubali, si juu ya mchanga. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na paa lisivuje. Na shehena ikiwa kubwa, ipeleke ikapimwe kabla hujaiuza, si baada ya kulazimishwa. Ikiwa gharama ni nzito, kutaneni wafanyabiashara watatu au wanne, mkachangiane. Twachangiana kwa harusi na kwa karamu za maulidi. Hatushindwi kuchangiana kwa hili.

Na akija mkaguzi na bambo lake, usimtie fedha mkononi ili alichome gunia ulilomchagulia. Mtume s.a.w. amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Waislamu wa zamani walikuwa na muhtasib, mtu wa kuangalia masoko, na wanazuoni kama ash-Shayzari na Ibn al-Ukhuwwa walitunga vitabu vya kumfundisha kazi yake kwa waokaji na wachinjaji na wauza dawa. Mkaguzi wa leo, awe wa dini yoyote, akifanya kazi yake kwa haki, afanya katika kazi tuliyoitukuza sisi kabla yake. Msaidie.

Wewe baba wa nyumba: usimlaumu mama watoto kwa kutupa punje zilizogeuka rangi, au zilizosinyaa, au zenye ukungu, mshukuru, kwani kuchagua hivi kwaondoa sehemu kubwa ya sumu, na kukoboa pia kwapunguza. Wala zile zilizotupwa usiwape kuku na ng'ombe wako, kwa kuwa sumukuvu akiila ng'ombe, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo umpayo mwanao mdogo.

Nawe mtoa sadaka: jambo hili ni zito, na wengi twaliona dogo. Ifikapo zaka ya fitiri, wako wanaozunguka madukani kutafuta nafaka ya bei ya chini kabisa, wakapima pishi zao, wakarudi nyumbani na nyoyo zimetulia. Katika Surat al-Baqara, aya ya 267, Mwenyezi Mungu amekataza kukusudia kibaya na kukitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea illa kwa kufumba macho. Basi kama nafaka hiyo huwezi kuipika nyumbani kwako, maskini wa Mungu kwa nini umlishe? Alikuja kwako kutafuta shibe ya siku ya Idi. Usimpe ugonjwa wa ini ukaandika kuwa ni thawabu.

Na enyi maimamu na wazee wa mitaa: semeni haya katika hotuba zenu za Ijumaa, khasa siku za mavuno na za mvua. Waombeni wenye mamlaka wapime chakula cha masokoni mara kwa mara, na wawaambie watu walichokiona. Maana kipimo kinachofungiwa katika makabati ya ofisi hakimkingi mtoto hata mmoja.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu amesema katika Surat al-Maida, aya ya 32, maana yake ni kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Hutahitaji upanga wala elimu nyingi kuipata daraja hii. Pengine yote yatakayotakiwa kwako ni gunia moja uliloliona, na ulilokuwa waweza kuliuza, ukalifukia kwa ajili ya Mungu na hapana aliyekuona illa Yeye.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako iliyo nzuri, na utukinge na haramu yako. Uzitakase chumo zetu na vyakula vyetu na nyoyo zetu. Wasamehe waliokufa kwa taksiri zetu, na uwape shifaa wagonjwa wetu, wala usitujaalie kuwa ni sababu ya msiba wa mja wako yeyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.